PVC, polikaboneti au karatasi: kuchagua kinga ya kitambulisho dhidi ya kughushiwa

Chukua kadi mbili, uziangushe moja baada ya nyingine juu ya meza ngumu. Kadi ya PVC, ambayo ndiyo watu wengi huivaa shingoni kazini, hutoa mlio mzito uliofifia. Kadi ya polikaboneti, plastiki ya aina nyingine, hulia kwa sauti kali na nyembamba, karibu na ile ya kipande cha bati. Jaribio hilo halithibitishi chochote mahakamani, lakini kwa muda wa sekunde moja humwambia mkaguzi mzoefu kama kadi aliyopewa imetengenezwa kwa kitu kinachostahili. Nimeanzia hapo kwa makusudi, kwa sababu kamati nyingi za ununuzi huanza na alama: zinataka hologramu, zinataka chipu, zinataka msimbo wa QR, na suala la kadi yenyewe ni ya nini huachiwa mzabuni. Kwa maoni yangu mpangilio huo umepinduliwa. Alama haiwezi kuwa imara kuliko kitu ilichobandikwa.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya wale wanaotakiwa kuamua: chuo, SACCOS, hospitali, halmashauri au kampuni inayotaka kutoa vitambulisho vyake. Hati za kitaifa, hasa pasipoti, nitazitumia kama kipimo, kwa kuwa ndizo zilizofanyiwa kazi kubwa zaidi na kanuni zake za kimataifa zimewekwa wazi na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika waraka wake namba 9303.

Kabla ya kulinganisha, tukubaliane tunajikinga na nini. Mghushi ana njia tatu. Anaweza kutengeneza kadi nzima kuanzia mwanzo, ikafanana na ya kweli. Anaweza kupata kadi halali, ya wizi au iliyookotwa, akabadilisha picha au tarehe. Au anaweza kwenda dirishani kwa mtoaji mwenyewe na cheti cha kuzaliwa cha uongo, akaondoka na kadi halali kabisa yenye jina lisilo lake. Njia ya tatu haizuiwi na plastiki wala wino wowote, na taasisi isiyohakiki nyaraka za waombaji isijidanganye kwamba kadi ghali itaiokoa. Ulinganisho unaofuata unahusu njia mbili za kwanza, na kati ya hizo ile ya pili ndiyo inayotofautisha mali ghafi moja na nyingine kwa uwazi zaidi.

Karatasi

Karatasi ndiyo kongwe. Kipande cha kikoloni nchini Kenya, kilichotokana na sheria ya mwaka 1915, kilikuwa karatasi yenye alama za vidole vya mwenyewe ndani ya kibweta cha chuma kilichoning'inizwa shingoni, na kwa jina hilo la kipande Wakenya wengi wanakiita kitambulisho chao hadi leo. Leo karatasi imebaki kwenye vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, na kurasa za viza ndani ya pasipoti.

Karatasi ya usalama si ile ya fotokopi. Hutengenezwa kwa nyuzi za pamba, peke yake au pamoja na rojo la mbao, na haitiwi ving'arishi, yaani kemikali za kuifanya ionekane nyeupe zaidi. Weka karatasi ya kawaida na ukurasa wa pasipoti chini ya taa ya urujuanimno (UV): ile ya kawaida itawaka rangi ya buluu, na ukurasa wa pasipoti utabaki umefifia, isipokuwa pale palipochapwa wino maalumu unaong'aa. (Tahadhari moja kwa wakaguzi: pasipoti iliyosahaulika mfukoni ikafuliwa na suruali inaweza kuwaka vilevile, kwa sababu sabuni ya unga ina ving'arishi hivyohivyo. Mwenye pasipoti hiyo si lazima awe mhalifu.) Alama ya maji nayo hufanywa karatasi ikiwa bado mbichi, kwa kuifanya iwe nene hapa na nyembamba pale. Ukiiinua kwenye mwanga unaona sura yenye vivuli laini. Ukiilaza mezani inapotea. Alama ya maji inayoonekana vizuri hata ikiwa imelala mezani ni alama iliyochapwa.

Kwa hiyo kuitengeneza karatasi nzuri ya usalama ni kazi ngumu kwa mghushi. Udhaifu wake uko kwenye taarifa za mtu: jina, picha na tarehe hukaa juu ya karatasi, na kilichokaa juu huweza kufutwa au kubanduliwa. Kulamineti husaidia dhidi ya jasho na mvua kuliko inavyosaidia dhidi ya mtu mwenye nia na subira. Hata Ulaya ilichukua muda kuachana nayo. Ufaransa ilitumia kadi kubwa yenye lamineti hadi mwaka 2021, na Italia iliendelea kuwa na vitambulisho vya karatasi mpaka kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 ilipotaka kadi za taifa ziwe za ukubwa mmoja, zenye chipu. Ushauri wangu ni kwamba karatasi ichaguliwe kwa hati inayotunzwa kabatini na kutolewa mara chache, kama cheti, na isichaguliwe kamwe kwa kitu kinachobebwa kila siku.

PVC na polikaboneti uso kwa uso

Hapa ndipo uamuzi wa taasisi nyingi ulipo. Kwa macho kadi hizi mbili ni pacha: zote zina kipimo kilekile cha kimataifa, milimita 85.60 kwa 53.98, na unene wa takriban milimita 0.76. Tofauti iko ndani.

PVC ni ndugu wa mabomba ya maji yaliyoko ukutani kwako. Ni rahisi, inapatikana kila mji, na mashine ya kuchapia inakaa juu ya meza ya ofisi: unapiga picha, unaandika jina, na baada ya dakika moja au mbili mwanafunzi anaondoka na kadi yake. Mashine hiyo hutumia utepe wa rangi. Joto huyeyusha rangi kutoka kwenye utepe na kuipenyeza kwenye ngozi ya juu kabisa ya plastiki, kisha tabaka jembamba la kinga hufunika. Picha ni ya rangi, nzuri, inayopendeza. Lakini iko ngozini, haiko mwilini mwa kadi. Mtu aliyeweka kadi ya namna hiyo kwa mwaka mzima ndani ya mfuko laini wa plastiki huenda ameshuhudia jambo hili: anapoichomoa, sura yake imefifia kwenye kadi na kivuli chake kimehamia kwenye mfuko. Picha inayoweza kuhama yenyewe kwa kugusana na plastiki laini haitamsumbua sana mtu anayetaka kuihamisha kwa makusudi.

PVC pia huanza kulegea karibu na nyuzi joto 80 za Selsiasi, kiwango ambacho dashibodi ya gari lililoegeshwa juani inaweza kukikaribia. Baadhi ya wazabuni watakupa kadi ya mchanganyiko, kwa kawaida asilimia 60 ya PVC na 40 ya poliesta, ambayo huvumilia joto vizuri zaidi na hupokea lamineti bila kujikunja. Ni maboresho ya kweli na yanafaa kulipiwa, ingawa picha inabaki palepale, ngozini.

Polikaboneti ni ukoo mwingine. Ni ile plastiki ya vioo vya kofia za pikipiki na miwani ya mafundi. Hulegea karibu na nyuzi 150. Kadi yake huundwa kwa matabaka kadhaa yanayokandamizwa kwa joto na shinikizo mpaka yanaungana kuwa kitu kimoja, bila gundi. Neno bila gundi ndilo lenye uzito katika aya hii yote. Kadi iliyogundishwa ina mahali pa kuanzia kuibandua. Kadi iliyoyeyukiana haina, na atakayejaribu kuitenganisha ataishia na vipande. Chapa za mandharinyuma ziko ndani kabisa, zimefunikwa kabla ya matabaka kuungana.

Kisha huja taarifa za mtu. Ndani ya kadi kuna tabaka angavu lililotiwa chembe zinazofyonza mwanga wa leza. Mwale ukipita, plastiki ya mahali pale huungua na kugeuka kaboni nyeusi, doa moja baada ya jingine, mpaka sura ya mtu itokee. Picha hiyo si rangi iliyopakwa. Ni plastiki yenyewe iliyobadilika. Mghushi anaweza kuongeza weusi, hawezi kuuondoa. Leza ikiongezewa nguvu huinua uso wa kadi, ndiyo maana kwenye hati nyingi ukipitisha ukucha juu ya tarehe ya kuzaliwa au namba ya kadi unahisi herufi zimevimba. Mtu asiyeona vizuri, au mlinzi aliye gizani, anaweza kukagua kwa kidole.

Gharama ya sifa hizo ipo na ni haki kuitaja. Leza hutoa picha ya kijivu. Picha ya rangi kwenye polikaboneti inawezekana, ila kwa teknolojia ya ziada ambayo taasisi ndogo haitaimudu. Kadi tupu lazima zitoke kiwandani, na mashine ya leza ni ghali mno ukilinganisha na ile ya mezani. Polikaboneti haipendi asetoni na vimumunyisho vya namna hiyo, na kadi isiyotengenezwa vizuri hupata nyufa ndogo kuzunguka chipu. Katika pasipoti, ukurasa wa polikaboneti ni mgumu kama kadi, hivyo hauwezi kushonwa moja kwa moja kwenye kitabu. Unahitaji bawaba inayopinda, na bawaba hiyo ikiwa dhaifu inakuwa mlango. Pamoja na hayo yote, mwelekeo wa dunia hauna utata. Finland ilianza kutumia ukurasa wa polikaboneti kwenye pasipoti mwaka 1997, Ujerumani ikabadilisha kitambulisho chake cha taifa Novemba 2010, Uingereza ikafuata kwenye pasipoti mwaka 2020 na Marekani mwaka 2021. Hati inayotakiwa kuishi miaka kumi haiwezi kutegemea PVC, ambayo kwa matumizi ya kila siku tunaitarajia miaka miwili hadi mitano.

Alama za usalama, kwa kutazama nani atazikagua

Wataalamu hugawa alama katika ngazi tatu: zinazoonekana kwa jicho na kidole, zinazohitaji kifaa kidogo kama lenzi ya kukuzia au taa, na zinazochunguzwa maabara. Mgawanyo huo unajulikana, lakini nimeona ukisahaulika siku ya kuamua. Nilikaa katika kamati ya chuo kimoja iliyochagua wino wa siri unaoonekana kwa taa ya urujuanimno tu, na tuliulipia. Getini hapakuwa na taa hata moja. Kwa miaka miwili walinzi waliendelea kutazama rangi ya utepe wa shingoni. Sitaki msomaji arudie kosa letu, kwa hiyo swali la kwanza ninaloshauri liulizwe juu ya kila alama ni hili: nani ataitazama, akiwa na nini mkononi, na kwa sekunde ngapi?

Kwa mlinzi wa getini, wakala wa fedha wa mtaani au karani wa mapokezi, inayofaa ni alama ya kuinamisha, yaani inayobadilika kadi inapoinamishwa. Hologramu ndiyo inayojulikana zaidi, na ndiyo inayodanganya zaidi. Jicho la mtu asiyefundishwa huona mng'ao, likaridhika. Hologramu halali si mng'ao tu: ukiinamisha kadi, umbo moja hutoweka na jingine hutokea mahali palepale, au mstari husogea upande mmoja kwa mpangilio. Karatasi yoyote ya kung'aa hung'aa. Usikubali hologramu ya jumla yenye michoro ya ufunguo au dunia ambayo mzabuni humuuzia kila mteja. Hiyo inanunuliwa na yeyote mwenye fedha, akiwemo yule unayejikinga naye. Kama bajeti haitoshi hologramu yenye mchoro wako mwenyewe, heri fedha hizo ziende kwenye kadi bora.

Wino unaobadilika rangi naupa alama ya juu kuliko hologramu kwa kazi ya getini, kwa sababu jibu lake ni fupi. Waliowahi kubadilisha fedha wanaufahamu: kwenye noti ya dola 100 iliyoanza kutolewa mwaka 2013, namba 100 ya pembeni chini hugeuka kutoka rangi ya shaba kuwa kijani. Imebadilika au haijabadilika. Hakuna cha kubishania. Juu ya hapo kuna picha ya lenzi, inayopatikana kwenye polikaboneti peke yake kwa ubora wa kuaminika. Mistari midogo ya lenzi hukandamizwa juu ya kadi, kisha leza huchoma kwa pembe mbili tofauti. Ukitazama kutoka upande huu unaona sura ndogo ya mwenye kadi, kutoka upande ule unaona tarehe yake ya kuzaliwa. Ubora wake ni kwamba alama yenyewe imebeba taarifa ya mtu, kwa hiyo aliyebadilisha picha kubwa atalazimika kuibadilisha na hii, jambo ambalo ni gumu sana.

Kwa karani wa benki mwenye taa na lenzi, orodha hupanuka. Nakshi za mistari iliyosukwa na maandishi madogo sana yasiyozidi robo ya milimita huchapwa kwa mistari kamili. Mashine ya kawaida ya rangi huivunja mistari hiyo kuwa nukta, na chini ya lenzi nukta hizo huonekana wazi kama mchanga. Rangi za mandhari zinazoyeyukiana taratibu kama upinde wa mvua nazo hazinakiliki vizuri. Alama hizi hazigharimu sana zinapochapwa kiwandani, na taasisi inayonunua kadi tupu zenye chapa yake inaweza kuzipata hata kwenye PVC. Naziona kuwa ununuzi wenye tija kuliko zote kwa bajeti ya kati.

Za maabara nazipita haraka: zinafaa kwa taifa lenye maabara.

Ukaguzi usiotegemea macho

Kuna kinga ya kale na rahisi ambayo ni hesabu tu. Chini ya ukurasa wa pasipoti kuna mistari miwili yenye herufi 44 kila mmoja, na baada ya tarehe ya kuzaliwa huwekwa tarakimu moja ya uhakiki. Chukua tarehe ya mfano ambao ICAO wenyewe huutumia, 740812. Zidisha tarakimu zake kwa mpangilio wa 7, 3, 1, kisha 7, 3, 1: unapata 49, 12, 0, 56, 3 na 2, jumla 122. Tarakimu ya mwisho ni 2, na ndiyo inayochapwa pale. Aliyebadilisha mwaka pasipo kujua hesabu hiyo amejifichua. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, yenye tarakimu 20, inamsaidia mkaguzi kwa njia nyepesi zaidi, kwa kuwa nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zisipolingana na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, simama hapo. Hesabu na ulinganifu hukamata mghushi mzembe. Aliye makini hazimzuii.

Chipu ni jambo zito zaidi. Tanzania ilizindua pasipoti ya kielektroniki tarehe 31 Januari 2018, na Kenya ilikuwa imeanza mwaka uliotangulia, zote katika mfumo wa pasipoti ya Afrika Mashariki. Ndani ya chipu mna picha na taarifa za mtu, na juu yake kuna saini ya kidijitali ya nchi iliyoitoa. Ukibadilisha herufi moja, saini inakataa. Lakini kifaa cha kusoma chipu lazima kiwe na cheti cha kidijitali cha nchi husika ili kiihakiki saini, na ICAO imeendesha hazina ya vyeti hivyo tangu 2007. Kifaa kinachosoma picha kutoka kwenye chipu bila kuhakiki saini hakijakagua chochote. Kimeonyesha tu kile ambacho chipu imesema. Na saini peke yake haitambui chipu iliyonakiliwa yote kama ilivyo. Hilo huhitaji chipu iwe na ufunguo wa siri usiotoka, na ithibitishe kwamba inao. Taasisi isiyo na vifaa vya kusoma chipu milangoni pake isinunue chipu.

Msimbo wa QR ndio mbadala wa bei nafuu, na hapa kuna tofauti kubwa ambayo wazabuni wengi huipitia kimya. QR yenye anwani ya tovuti humpeleka mkaguzi popote mghushi anapotaka, pamoja na kwenye tovuti ya uongo iliyoandikwa "kitambulisho hiki ni halali". QR yenye taarifa za mtu zilizosainiwa kidijitali huhakikiwa na programu ya taasisi kwenye simu, hata pasipo intaneti. Andika kwenye zabuni kwamba unataka ya pili.

Njia iliyobaki ni kuuliza hifadhidata moja kwa moja. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole Tanzania, ulioanza Mei 2019 na kufikia ukomo wake tarehe 20 Januari 2020, ulihitaji namba ya NIDA na kidole. Waliokuwa na namba bila kuwa na kadi waliweza kusajili. Mahali penye mtandao wa uhakika na haki ya kuuliza hifadhidata, kadi inapungua umuhimu. Getini usiku, umeme ukiwa umekatika, unarudi kwenye kadi na jicho.

Nani achague nini

Kwa chuo au kampuni inayotoa kadi za mwaka mmoja hadi mitatu, ningechagua kadi ya mchanganyiko wa PVC na poliesta, iliyochapwa kiwandani kwa nakshi na maandishi madogo, yenye alama moja tu ya kuinamisha iliyo yako mwenyewe na QR iliyosainiwa. Isiwe na chipu, isipokuwa milango yenyewe inafunguliwa kwa kadi. SACCOS au hospitali, ambayo kadi yake inafungua fedha au matibabu na hukaa miaka mingi, ijitahidi kufikia polikaboneti iliyochomwa kwa leza, hata kama picha itakuwa ya kijivu na idadi ya alama itapungua. Wanachama watalalamikia picha. Waelezwe sababu. Mtoaji wa vyeti abaki na karatasi ya pamba yenye alama ya maji, na aongeze QR iliyosainiwa, kwa kuwa cheti hukaguliwa na watu wasiowahi kukiona kabla.

Chochote utakachochagua, kadi tupu zihesabiwe na kufungiwa kama fedha, na utepe uliotumika kwenye mashine ya PVC usitupwe jalalani. Ukunjue siku moja uone: kila jina lililochapwa limeachwa pale kama kivuli, na pamoja nalo sura ya mwenyewe.

Na kabla ya kusaini mkataba, mwombe mzabuni kadi kumi za mfano, tano ziwe sahihi na tano ziwe zimeigwa kwa mashine ya kawaida. Wapelekee walinzi wa zamu ya usiku, si wajumbe wa kamati. Wape maelezo ya dakika tano, kisha wape kadi moja moja na uhesabu sekunde.